Uzito wa Upande Wake

Mlango ulibishwa mara moja tu, na Kitinda akajua ni nani bila kuuliza. Wengine hubisha kana kwamba wanamtafuta mwizi. Fundi Vioo alibisha kama mtu aliyezoea kushika vitu vinavyovunjika.

"Umeamkaje, jirani?"

"Salama, Fundi. Karibu ndani. Mama ameshaamka na ameshaanza kugomba."

"Sijagomba!" sauti ikatoka chumbani. "Nimeuliza tu kama leo nitakaa kitini au mnataka kunizika humu humu kitandani."

Kiharusi kilimpiga mama huyo upande wa kulia, mkono na mguu, kikamwachia ulimi. Mdomo ulipinda kidogo na maneno yalitoka yakiburuzika, lakini yalitoka, tena mengi. Alikuwa mwanamke mpana, mzito wa mifupa, na ugonjwa haukumpunguza hata kidogo. Alizaa wanne. Watatu walishaoa na kuolewa, wakatawanyika na familia zao. Wa mwisho, ambaye tangu utotoni aliitwa Kitinda kwa sababu ndiye kitindamimba, alibaki nyumbani akishona sare za shule kwenye mashine iliyokaa karibu na dirisha la sebule. Kitindamimba hudekezwa, ndivyo wasemavyo. Wasichosema ni kwamba mzazi akiugua, huyo huyo aliyedekezwa ndiye anayeonekana hana kazi.

Wakamketisha mama ukingoni mwa kitanda, wakainama pande mbili. Kila mmoja akapitisha mkono mmoja nyuma ya mgongo wake na mwingine chini ya mapaja, kisha wakashikana, kifundo cha mkono kwa kifundo cha mkono. Hiyo ndiyo njia. Viganja vikishikana vyenyewe huteleza, ila kifundo kwa kifundo hakichomoki.

"Tayari, jirani?"

"Tayari."

"Haya, pamoja."

Mama akapanda, akasogea, akashuka kitini. Safari hiyo ilikuwa na urefu wa pumzi moja. Fundi alifanya hivyo asubuhi kabla ya kwenda kwenye karakana yake, na jioni aliporudi, na katika pumzi hizo mbili vidole vyake vilizunguka mkono wa Kitinda, vikavu, vigumu, vyenye makovu membamba ya kazi. Hakuna mwanaume mwingine aliyemgusa. Na huyu naye, kwa haki, hakumgusa yeye. Alimbeba mama yake. Ndivyo Kitinda angejibu kama angeulizwa, na asingesema uongo.

"Siku njema, Mama," Fundi alisema. "Siku njema, jirani."

"Nawe pia."

Akatoka. Kitinda akabaki ameshika kitasa, akisikiliza hatua zake mpaka zikapotea. Ndipo mama aliposema kutoka kitini:

"Mchana unaninyanyua peke yako kama mto wa kulalia. Asubuhi mwanaume akija, unalegea kama kitambaa kilicholowa."

"Mama, nyamaza."

"Nimenyamaza. Mimi sasa ni daraja. Piteni tu."

Huo ndio ulikuwa ukweli. Kitinda hakuhitaji tena msaada wa mtu.

Haikuwa hivyo mwanzoni. Siku moja Fundi alisafiri kwenda kufunga madirisha mji wa pili, na Kitinda akajaribu kumhamisha mama peke yake. Mgongo ukamkata, mama akateleza, wakaenda chini wote wawili taratibu kama gunia linalotoboka. Hawakuumia. Lakini walikaa pale sakafuni, migongo kwenye kitanda, mpaka jua likapanda, kwa sababu hakuna aliyeweza kumwinua mwenzake, na hakuna aliyebisha mlango.

"Tuimbe?" mama aliuliza, na Kitinda akaanza kulia.

Mtaalamu wa viungo aliyemhudumia mama, mwanamke mfupi mwenye amri nyingi ambaye mama alimpa jina la Afande, aliposikia kisa hicho alimwacha mgonjwa akamgeukia binti.

"Humu ndani wagonjwa ni wawili," alisema. "Simama. Chuchumaa. Inuka. Umeona? Unainuka kwa kushika meza. Mtu asiyeweza kujinyanyua mwenyewe atamnyanyua nani?"

"Mimi si mwanamichezo, Afande. Nimekaa kwenye cherehani tangu nimalize shule."

"Ndiyo maana. Mgonjwa habebwi kwa mikono, anabebwa kwa mapaja na makalio. Mikono ni ya kushikilia tu. Nyumba yako ina ukuta?"

"Ina."

"Ina sakafu? Basi una kila kitu."

Kitinda akaanza na ukuta: mikono ukutani, mwili umenyooka, kifua kinasogea na kurudi. Mama alitazama kutoka kitini na kuuliza kama ukuta umesogea. Baada ya ukuta ikawa meza, baada ya meza ikawa sakafu, magoti chini, na hatimaye magoti juu. Alilala chali akanyanyua kiuno mpaka mapaja yakawaka moto. Alichuchumaa na kuinuka huku amekumbatia dumu la maji. Afande alitaka uzito wa kushika mikononi, kwa hiyo Kitinda akamwomba Fundi makopo matupu ya rangi yenye vishikio.

"Unapanda maua, jirani?"

"Napanda."

Akayajaza mchanga, kidogo, kisha nusu, kisha pomoni. Aliyanyanyua alasiri mama alipolala, mlango umefungwa, akihema peke yake katika nyumba isiyo na sauti nyingine. Hakuna aliyemwambia amefika wapi. Uliojua ulikuwa mwili. Kwanza alilazimika kupanua mikono ya blauzi zake, akafumua mishono aliyoishona mwenyewe, akaongeza vipande kwapani. Kisha sketi zikabana mapajani na kulegea kiunoni. Mshonaji hadanganywi na kioo, huamini utepe.

Mwisho akashona mkanda mpana wa turubai wenye vishikio viwili, wa kumfunga mama kiunoni, kama Afande alivyomchorea kwa kidole hewani. Mchana mmoja akamfunga, akaziba magoti ya mama kwa magoti yake, akashika vishikio, akakaza tumbo, akainuka. Mama akasimama. Wakageuka pamoja hatua ndogo ndogo kama watu wanaocheza muziki wa polepole, na mama akakaa kitini.

"Sasa humhitaji mtu," Afande alimwambia alipoliona jambo hilo kwa macho yake. Alisema hivyo kama pongezi.

Kitinda aliitikia "Asante." Jioni ile Fundi alipobisha, aliuficha mkanda chini ya godoro.

Siri hiyo ingeweza kudumu, maana mama alipenda kuwa daraja kuliko alivyokubali. Kilichoiharibu ni fahari. Ni mzazi gani unayemjua anayeweza kunyamazia sifa ya mwanawe? Mwanawe wa kwanza alipiga simu siku moja kumjulia hali, na kabla salamu hazijaisha mama akawa ameshamwaga kila kitu.

"Mdogo wako ananinyanyua peke yake! Ndiyo, peke yake! Ana mikono kama nguzo ya nyumba. Nyinyi wanaume mtakuja kusalimu amri!"

Kitinda alisikia akiwa kwenye mashine. Mguu wake ukaachia pedeli.

"Mama," alisema simu ilipokatwa. "Umemwambia Kaka?"

Mama alimtazama. Upande mzima wa uso wake uliokuwa ukicheka ukaacha kucheka. "Ulimi hauna mfupa, mwanangu," alisema. "Nimekusifu tu."

Kaka Mkubwa alikuwa mwalimu mkuu wa shule na alitembea nyumbani kama alivyotembea shuleni, mikono nyuma. Jumamosi alifika mapema kabla hata dirisha halijafunguliwa, ameongozana na Shangazi, dada wa marehemu baba yao, bibi mwembamba aliyenyooka kama rula na ambaye hakuwahi kuolewa. Kitinda hakupata hata nafasi ya kuweka maji ya chai. Mlango ukabishwa, mara moja, na aliyeufungua alikuwa Kaka.

"Ahaa, Fundi mwenyewe. Karibu. Leo hatutakusumbua."

"Hakuna usumbufu, Mwalimu. Shikamoo, Shangazi."

"Marahaba," Shangazi alijibu bila kumtazama. Alikuwa akitazama makopo pembeni ya kabati. "Na hii ndiyo mizigo yenyewe? Mwanamke mzima ananyanyua makopo ya mchanga kama kuli wa stesheni. Ataolewa na nani mwenye mkono namna hii?"

"Wifi," mama alisema kutoka kitandani, "mikono yako wewe ilikuwa myembamba kama sindano, na mbona…"

Akaikata sentensi katikati, jambo ambalo hakulifanya mara nyingi. Shangazi akageukia dirisha.

"Mama ameniambia habari njema," Kaka alisema. "Nimekuja kuziona kwa macho. Haya, mdogo wangu. Mnyanyue mama."

Kitinda akamtazama Fundi. Fundi alisimama karibu na mlango, mikono imening'inia, kama mtu aliyekuta kiti chake kimekaliwa.

Angeweza kushindwa. Lilikuwa jambo jepesi: kulegeza goti moja, kuguna, kusema leo mgongo unauma. Fundi angesogea, wangeshikana, na kesho ingekuwa kama kawaida. Alilifikiria hilo waziwazi huku akipiga magoti kuutoa mkanda chini ya godoro. Lakini goti linalolegezwa kwa makusudi huanguka sawasawa na goti lililochoka, na aliyekuwa ameshikwa hapo hakuwa kopo la mchanga. Akaufunga mkanda. Akaziba magoti kwa magoti.

"Niegemee, Mama."

"Niangushe kidogo tu," mama akamnong'oneza sikioni. "Nitapiga kelele."

"Siwezi."

Akainuka. Mama akasimama, akageuka, akakaa. Haikusikika hata pumzi.

"Mashallah," Kaka alisema, na alimaanisha. "Mdogo wangu, hongera. Umeona, Fundi? Familia yetu inakushukuru kwa moyo mweupe. Lakini nikwambie kama mwanaume kwa mwanaume. Watu wanauliza huyu bwana anaingia asubuhi na jioni nyumbani kwa binti asiyeolewa kufanya nini. Zamani tulikuwa na jibu. Leo jibu hatuna."

Fundi hakumjibu Kaka. Alimgeukia Kitinda, akasema neno moja tu.

"Jirani?"

Kitinda alikuwa bado amepiga magoti mbele ya kiti, akifungua mkanda ambao ulikuwa umeshafunguka. Alijua anaulizwa nini. Macho ya Kaka yalikuwa mgongoni mwake, na ya Shangazi, na kinywa kikajijaza chenyewe maneno ya adabu yanayokaa karibu.

"Asante kwa yote, Fundi."

Fundi aliitikia kwa kichwa, polepole. "Umenyanyua vizuri sana," alisema. Akatoka, akaufunga mlango nyuma yake kwa upole uleule wa siku zote, na hilo ndilo lililomuumiza Kitinda kuliko kama angeubamiza.

Asubuhi zilizofuata zilikwenda bila kasoro. Alimfunga mama mkanda, akamnyanyua, akamkalisha, akaenda kwenye mashine. Hakuna kilichoteleza wala mgongo haukuuma. Kazi aliyoitaka aliipata, na ilikuwa kamili, na haikuwa na mtu wa kuitazama. Akaongeza mchanga mpaka vishikio vya makopo vikapinda. Mara kwa mara, akipumzika kati ya zamu, alijikuta ameshika kifundo cha mkono wake wa kushoto kwa mkono wake wa kulia. Alijipima kama mshonaji: haikuwa sawa. Mtu hawezi kujishika mwenyewe akahisi ameshikwa.

Mama naye aliacha mizaha. Siku moja mchana alisema, "Nenda."

"Wapi?"

"Usijifanye hujui. Mtaa mzima unasema Fundi anakwenda kufanya kazi mji wa mbali. Mwite Mama Pacha wa nyumba ya pili akae na mimi. Watoto wake watanipigia kelele, nitapata cha kulalamikia."

Karakana ya Fundi ilikuwa chumba kirefu kilichofagiliwa vizuri, vioo vimesimamishwa wima kwenye fremu za mbao. Kitinda akajiona anaingia mara tano, sita, kutoka pande zote, mabega mapana kuliko alivyodhani. Fundi alikuwa akifunga vioo kwenye kreti, akiweka karatasi kati ya kimoja na kingine.

"Karibu, jirani," alisema bila kuinuka. "Maua yameota?"

"Nimekuja kuomba radhi. Nilikuficha jambo."

"Hukunificha kitu."

"Nilikuwa na uwezo wa kumnyanyua Mama peke yangu tangu zamani, Fundi. Nikakuacha uje."

"Najua."

"Unajua nini?"

"Najua uzito." Akaifuta mikono kwenye aproni. "Watu wawili wakibeba kioo, kila mmoja lazima ajue mwenzake kashika kiasi gani, la sivyo vidole vinakatika. Upande wangu ulianza kuwa mwepesi, jirani. Mwezi baada ya mwezi. Mwishowe nilikuwa naweka mikono tu, mama yako unambeba wewe."

"Mbona hukusema?"

"Ningesema nini? 'Jirani, hunihitaji tena'? Nani anajifukuza mwenyewe?"

Akacheka kidogo, na Kitinda akacheka, na kwa kufumba na kufumbua ikawa kana kwamba mambo yametengemaa. Halafu Fundi akarudi kwenye karatasi zake.

"Kwa hiyo huna hasira," Kitinda alisema.

"Sina. Kaka yako aliuliza nafanya nini mle ndani. Swali zuri. Mimi ningelijibu, lakini si nyumba yangu. Nikakuita. Ukaniambia asante kwa yote. Hata anayekuja kuzibua bomba huambiwa hivyo."

"Niliogopa."

"Kaka yako?"

"Hapana." Akatafuta neno, akalikuta ni dogo na la aibu. "Kama hukuja kubeba, basi ulikuja kwa ajili yangu. Na hakuna mtu aliyewahi kuja kwa ajili yangu. Sikujua mtu anasimamaje jambo hilo likisemwa mbele za watu."

Fundi akaweka karatasi chini.

"Nilikuja kwa ajili yako," alisema, kama anavyosoma kipimo cha dirisha.

Nje mtu alikuwa akipigilia misumari. Kitinda akahesabu pigo moja, mawili, akashindwa kuendelea.

"Basi usiende huko unakokwenda."

"Nimeshakubali kazi. Hospitali nzima inajengwa kule, madirisha ghorofa tatu. Na nisingebaki hata bila kazi. Nikibaki, kesho nitabisha, kaka yako atauliza tena, wewe utafungua mkanda tena. Hilo ni la upande wako, jirani. Sikubebei."

"Nimekwambia sasa hivi."

"Umeniambia mimi. Mimi nilishajua."

Akataka kukasirika, akakosa pa kushika. "Utarudi?"

"Jengo likiisha, nadhani. Wakinipa jingine, sijui. Unaweza kuja wewe. Ni safari ya kulala, lakini si ng'ambo ya dunia."

"Nije!" Kicheko chake kilitoka kikavu. "Mama nimwache na nani, Fundi?"

Fundi hakuwa mtu wa kusema asichokijua.

"Hilo sijui," alisema.

Kitinda alipofika nyumbani alimshukuru Mama Pacha, akamsindikiza, akampigia Kaka simu akiwa amesimama. Alijua akikaa ataahirisha.

"Kaka, uliuliza swali sikulijibu. Fundi alikuwa anakuja kwa ajili yangu. Na mimi nilikuwa nangoja aje."

"Mdogo wangu, umeanza lini mambo haya? Mwanaume mwenyewe ameachwa na mke!"

"Ameachwa. Aliniambia mwenyewe, na sababu aliniambia."

"Na Mama atabaki na nani?"

Huo ndio ulikuwa mzizi wa fitina, na wote wawili waliusikia ukitoka. Kitinda akavuta pumzi kama Afande alivyomfundisha kabla ya kunyanyua kitu kizito.

"Na watoto wake. Alituzaa wanne."

"Mimi nina shule nzima mabegani!"

"Mimi nina Mama mabegani, Kaka. Simkatai. Nasema tu kwamba hakunizaa mimi peke yangu."

"Tutaongea," Kaka alisema. Katika familia hiyo, tutaongea lilikuwa neno la kufungia mazungumzo.

Hakuja yeye. Aliyekuja ni Shangazi, katikati ya wiki, peke yake, na mkoba mkubwa kuliko wa mtu anayekuja kushinda. Akakaa kwenye stuli wima, mkoba mapajani.

"Kaka yako ameniagiza nije nikutie akili."

"Karibu, Shangazi. Nitie."

"Amekwishaondoka, yule?"

"Ameondoka."

Shangazi akanyamaza. Mama, kitini kwake, akanyamaza pia, na Kitinda akaogopa, maana hakuwahi kuwaona mawifi hao wawili wakinyamaza chumba kimoja.

"Bibi yako nilikaa naye mimi mpaka siku ya mwisho," Shangazi alisema hatimaye. "Unalijua hilo."

"Nalijua."

"Hulijui. Palikuwa na mtu. Fundi saa. Alikuja mara moja kurekebisha saa yetu ya ukutani, baada ya hapo ikawa inaharibika kila mara. Kila mtu alishangaa saa gani hiyo." Akaunyoosha mkanda wa mkoba. "Nilikuwa naiharibu mwenyewe. Kwa pini ya nywele."

"Wifi!" mama akasema, karibu asimame.

"Halafu?" Kitinda aliuliza.

"Halafu baba yako akanunua saa mpya. Aliona ananihurumia, maskini. Nikamwambia asante."

Kitinda akaketi sakafuni mbele yake. Safari hii hakutafuta la adabu.

"Huko alikokwenda," Shangazi akaendelea kwa sauti yake ya kawaida, kavu, "ni kwenda na kurudi?"

"Ni safari ya kulala. Pengine siku mbili."

"Na huyu nani atamnyanyua siku mbili?"

"Huyu anaitwa wifi yako," mama akasema.

"Nilikuwa nakuuliza wewe, binti. Nani?"

"Hakuna, Shangazi."

"Basi nifundishe."

Kitinda alimtazama: mikono ya sindano, magoti yaliyovimba chini ya gauni, umri. Alipiga hesabu kama angeipiga kwa kitambaa kisichotosha. Ingechukua miezi. Madirisha ya hospitali yangeweza kumalizika kabla, na Fundi akapelekwa mbali zaidi. Alikuwa hajapiga simu hata mara moja, na Kitinda alijua hatapiga. Alikuwa amemwachia upande wake aubebe mwenyewe.

"Shangazi, magoti yako…"

"Nimesema nifundishe. Sikukuomba unipime."

"Tutaanza na hiyo stuli. Unainuka bila kushika kitu, unakaa tena bila kujitupa. Ni hilo tu kwa sasa. Uzito na mkanda ni baadaye sana."

"Na baada ya hiyo baadaye yako, ukifika huko ukakuta ameshapata mwingine?"

Swali hilo Kitinda alikuwa ameshajiuliza kila alasiri, na jibu lilikuwa halibadiliki.

"Nitakuwa nimefika," alisema.

Shangazi akaweka mkoba chini. Akapanga miguu. Akanyoosha mikono mbele kama alivyoelekezwa, akaegemea, akajaribu, akarudi chini kwa kishindo. Akasema neno ambalo Kitinda hakujua kama shangazi yake analijua. Akajaribu tena. Safari hii makalio yaliachana na stuli, mapaja yakatetemeka, naye akaganda hapo katikati, si chini si juu, macho yametoka. Kitinda akanyoosha mkono.

"Usinishike!"

"Pumua basi, wifi," mama akasema, "usije ukanitangulia."

Shangazi akapumua. Kitinda akaurudisha mkono wake mapajani na kungoja, na bibi yule, akiguna na kulaani magoti yake, akainuka.